Chanda, Pete na Mvishaji: Rangi na Haki katika Uteuzi wa Waigizaji

Katika mijadala ya sanaa za maonyesho kuna hoja ambayo aghalabu hutolewa kana kwamba ndiyo mwisho wa maneno: mwigizaji ateuliwe kwa kipawa chake, si kwa rangi ya ngozi yake. Hoja hii inapendeza masikioni. Inaonekana kuungwa mkono na methali ya wahenga kwamba chanda chema huvikwa pete, na tena inaafikiana na asili ya uigizaji, maadamu kuigiza ni kuwa mtu ambaye huyo mwigizaji siye. Mhusika hana damu wala kabila ila alilopewa na mtunzi. Kwa nini basi mwigizaji aulizwe alizaliwa wapi na nani? Makala haya yanadai kwamba hoja hiyo, licha ya uzuri wake, hugeuka uongo kila inapotolewa mahali ambapo mlango hufunguka upande mmoja tu. Kipawa hakiokotwi njiani. Hukuzwa kwa kupewa nafasi, na nafasi hugawiwa na watu.

Historia ya Othello ni ushahidi wa kwanza. Shakespeare aliiandika tamthilia hiyo mwanzoni mwa karne ya 17, na mhusika wake mkuu ni jemadari Mweusi anayeitumikia dola ya Venisi. Kwa muda wa karne mbili nafasi hiyo iliigizwa katika majumba makuu ya London na Wazungu waliojipaka rangi usoni. Mwaka 1833 Edmund Kean, aliyekuwa akiiigiza katika ukumbi wa Covent Garden, alizidiwa na ugonjwa jukwaani, na haukupita muda mrefu akafariki. Nafasi yake ikachukuliwa na Ira Aldridge, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa New York. Baadhi ya magazeti ya London yalimshambulia kwa sababu ya rangi yake, na baada ya maonyesho mawili ukumbi huo haukumwona tena. Aldridge alikwenda kuigiza mikoani, kisha akalizunguka bara la Ulaya, ambako alitunukiwa nishani na heshima nyingi hadi alipofariki katika mji wa Łódź, Poland, mwaka 1867. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa ugenini kwa kuwa hakuwa na kwao pa kuchezea.

Kuna jambo katika maisha ya Aldridge ambalo wahakiki hawalitilii uzito unaostahili. Hakuigiza Othello pekee. Aliigiza pia Shylock, Lear na Macbeth, na kwa nafasi hizo alijipaka weupe. Ikiwa kujipaka rangi ni sehemu halali ya ufundi wa mwigizaji, kama wanavyoshikilia watetezi wa desturi hiyo, basi Aldridge alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ufundi huo hauna mwenyewe. Lakini desturi iliyoendelea ilikuwa moja tu. Weupe waliojipaka weusi walipata warithi kwa zaidi ya karne nzima. Mweusi aliyejipaka weupe alibaki kioja cha kusimuliwa.

Paul Robeson aliigiza Othello jijini London mwaka 1930, kisha New York kuanzia mwaka 1943, ambako tamthilia hiyo ilionyeshwa mara 296. Baada ya mafanikio hayo, mtu angetarajia kwamba dai la kukosekana kwa waigizaji Weusi wenye uwezo lingezikwa. Halikuzikwa. Mwaka 1964 Laurence Olivier alijipaka weusi katika maonyesho ya National Theatre ya Uingereza, na filamu iliyotokana na maonyesho hayo ikamfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 1981 BBC ilimpa Anthony Hopkins nafasi hiyohiyo. Ilipofika mwaka 1987, John Kani aliiigiza katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, chini ya uelekezi wa Janet Suzman, miaka miwili tu baada ya kufutwa kwa sheria iliyoharamisha mapenzi baina ya Weupe na Weusi nchini humo. Jukwaa lililozingirwa na ubaguzi wa kisheria lilifanya jambo ambalo shirika tajiri la utangazaji, katika nchi isiyokuwa na sheria kama hizo, halikulifanya.

Mfano wa pili unaonyesha kwa uwazi zaidi jinsi hoja ya kipawa inavyofanya kazi. Mwaka 1989 mchezo wa muziki Miss Saigon ulianza kuonyeshwa London, naye Jonathan Pryce, Mzungu kutoka Wales, akaigiza nafasi ya Engineer, mtu mwenye asili ya Kifaransa na Kivietinamu. Mwanzoni aliigiza akiwa amebandikwa kope bandia na kupakwa rangi ya ngozi. Mchezo ulipotaka kuhamishiwa New York mwaka 1990, chama cha waigizaji wa Marekani, Actors' Equity, kilikataa kumwidhinisha, kufuatia malalamiko ya wasanii wenye asili ya Asia, miongoni mwao mwigizaji B. D. Wong na mwandishi David Henry Hwang. Mtayarishaji, Cameron Mackintosh, akatangaza kuuvunja mpango mzima, ingawa tikiti za mamilioni ya dola zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Hazikupita wiki mbili chama kikageuza uamuzi wake. Mwaka 1991 Pryce akatunukiwa tuzo ya Tony.

Watetezi wa uteuzi huo walisema kwamba hakupatikana mwigizaji wa Kiasia mwenye uzoefu wa kuibeba nafasi nzito kama ile. Huenda walisema kweli, na hapo ndipo penye kiini cha dhuluma. Katika kundi la waigizaji wa nafasi ndogondogo walioshiriki maonyesho ya London ya 1989 alikuwamo kijana Mfilipino, Jon Jon Briones. Mchezo ulipofufuliwa London mwaka 2014, Engineer alikuwa Briones, na mwaka 2017 akaiigiza nafasi hiyo New York. Si lazima kudai kwamba kijana huyo alikuwa tayari mwaka 1989. Inatosha kuuliza ni wangapi wa kizazi kilichomtangulia waliostahili kuwa tayari wakati huo, na ni nafasi zipi ambazo zingewaandaa. Uzoefu ni ngazi, na vidato vyake ni nafasi ndogo zinazoelekea kwenye kubwa. Aliyeificha ngazi hana haki ya kumlaumu mwenzake kwa kutofika darini.

Hata hivyo, haifuati kwamba dawa ni kugawa nafasi kwa damu. Kosa hili la pili lina wafuasi wake, nalo linahitaji kupingwa kwa ukali uleule. Mwaka 1996 mtunzi August Wilson alikataa katakata uteuzi usioangalia rangi, akisema kwamba kumweka mwigizaji Mweusi katika tamthilia iliyotungwa kuhusu maisha ya Weupe ni kumnyima utu na historia yake. Mhakiki Robert Brustein alimjibu kwa kumshutumu kuwa anataka utengano, na wawili hao wakakabiliana hadharani New York mwezi Januari 1997. Katika mabishano hayo kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Brustein alitetea uhuru wa mawazo lakini akaunyamazia mfuko wa fedha. Wilson aliutaja mfuko huo: kati ya majumba 66 ya chama kikuu cha majumba ya maonyesho nchini mwao, ni moja tu lililokuwa la Weusi. Hesabu hiyo ndiyo hoja yake yenye nguvu, wala haitegemei dai lake lingine kwamba Mweusi hujipoteza anapoigiza maisha ya Mzungu. Aldridge hakujipoteza alipoigiza Lear.

Tena, ugawaji wa nafasi kwa damu hugeuka kifungo kwa wale unaodai kuwatetea. Hugh Quarshie, mwigizaji Mwingereza mzaliwa wa Ghana, aliwahi kuhoji kama inafaa mwigizaji Mweusi aikubali nafasi ya Othello, kwa kuwa huenda akaithibitisha dhana kwamba Mweusi ni mwepesi wa wivu na hasira. Mwaka 2015 aliikubali, katika maonyesho ya Royal Shakespeare Company. Iago wake alikuwa Lucian Msamati, Mwingereza mwenye wazazi Watanzania, Mweusi wa kwanza kuiigiza nafasi hiyo katika kampuni hiyo. Uteuzi huo uliibadilisha tamthilia yenyewe. Chuki ya Iago haikuweza tena kufasiriwa kwa wepesi kuwa chuki ya Mzungu kwa Mweusi. Ikawa chuki ya mtu anayemjua mwenzake kwa ndani na kumwonea uchungu kwa kupanda cheo. Hila, ambayo mapokeo yaliifanya mali ya Mweupe, na wivu, ambao yaliufanya mali ya Mweusi, zikarudi kuwa sifa za binadamu. Haki hapa haikuidhuru sanaa hata chembe. Iliinoa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kupinga kwa mfano wa kwao. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye S. S. Mushi akatafsiri Macbeth na The Tempest katika miaka hiyohiyo. Warumi, Waveneti na Waskoti wa tafsiri hizo wakiigizwa na Waafrika, nani hulalamika? Vivyo hivyo Shaw Henderson, Mzungu katika The Trial of Dedan Kimathi, akiigizwa na Mwafrika. Mfano huu hauthibitishi kwamba rangi haina maana. Mwafrika anayeigiza Brutus jijini Nairobi hamwondolei Mzungu yeyote riziki, wala hachukui mahali pa Mzungu ambaye dunia haijapata kumwona wala kumsikia. Kujipaka kwa mwenye nguvu na kujipaka kwa mnyonge ni vitendo viwili tofauti, hata rangi ikichotwa katika kopo moja.

Filamu nazo zinafunza kwamba ngozi pekee ni kipimo butu. Katika Hotel Rwanda (2004) Mnyarwanda mhusika mkuu aliigizwa na Don Cheadle, na katika The Last King of Scotland (2006) Idi Amin aliigizwa na Forest Whitaker, wote wawili Wamarekani. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, jambo la kusifiwa. Lakini juhudi ya kujifunza lugha inathibitisha pia kwamba palikuwa na watu ambao wasingehitaji kujifunza. Kwa mfadhili wa ng'ambo, Mwafrika ni uso mmoja, na uso wowote Mweusi unatosha. Rangi ikishatimizwa, hesabu hufungwa kabla lugha na nchi hazijaulizwa.

Nyani naye asisahau kundule. Mhindi katika vichekesho vya Kenya aghalabu huja kama mwenye duka anayekivunjavunja Kiswahili, na mara nyingi hata hapewi nafasi ya kujiigiza mwenyewe. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Jukwaa bado linawahesabu kuwa lafudhi. Mhakiki anayeona aibu kwa kope za Pryce hana budi kuiona na hii.

Kwa hiyo, kila hoja ya kipawa inapotolewa, mhakiki ana wajibu wa kuuliza maswali matatu. Je, waliokosa nafasi hii wanaweza kuipata ile ya upande wa pili? Je, walipewa wapi na lini fursa ya kujinoa? Je, ni nani mwenye kuteua, na kwa fedha ya nani? Majibu yakiwa ya haki, basi Mzungu na aigize Othello na Mweusi aigize Lear, na hadhira iwapime kwa ufundi wao. Yakiwa kinyume, methali isisomwe nusu. Chanda chema huvikwa pete, naam. Lakini pete haijivishi, na mvishaji huchagua mkono wa kuutazama kabla hajaona chanda.