Daftari la Masomo ni la Nani?



Kila mara chama hupeleka wawakilishi wachache masomoni. Hufundishwa sheria za kazi na namna ya kuzungumza na mwajiri, kisha hurudi na daftari limejaa. Twauliza: daftari lile huenda wapi? Mara nyingi hufungiwa sandukuni. Mwenyewe akipandishwa cheo au akistaafu, tawi hubaki mikono mitupu, na chama hulipa nauli ya mwingine akaanze upya.

Jambo hili si dogo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa kosa, au kwa kutofanya kazi vizuri, sharti kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo ana haki ya kuwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama amchaguaye mwenyewe. Mwakilishi wetu anakijua kifungu hicho. Lakini anayeitwa ofisini ni kijana wa zamu ya usiku, na mwakilishi yuko kwake amelala. Kijana ataingia peke yake, atatia sahihi karatasi asiyoielewa, na asubuhi tutaambiwa amekwisha ondoka.

Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, watu wapata 15,000, walikutana kila siku Kiwanja cha Maskini. Wa bandarini alimsikia wa reli, na wa reli akamsikia boi wa nyumbani, wakatambua kwamba shida ya mshahara na kodi ya nyumba ni moja. Hakuna aliyekwenda pale akiyajua yote hayo. Lakini chama chao, African Workers Federation, kilimtegemea sana Bwana Chege Kibachia. Agosti mwaka ule ule serikali ilimkamata ikampeleka Baringo, na chama kikafifia. Hatusemi hiyo ndiyo sababu pekee, maana serikali ya kikoloni ilikuwa na nguvu nyingi. Lakini ilijua mahali pa kushika.

Basi anayerudi masomoni asitusomee hotuba. Na awe meneja, mwanachama mwingine awe mshtakiwa, wajadiliane mbele ya tawi zima. Hapo mtu wa mashine atamwambia jinsi nyapara anavyoficha saa za ovataimu, jambo ambalo mwalimu hakulifundisha kwa kuwa halijui. Katibu aliandike katika kitabu cha tawi, na kitabu kikae ofisini, kisiende nyumbani kwa mtu.

Wako viongozi wasiopenda mpango huu. Ujuzi ukienea, nani atawabembeleza?

Sisi tutaiomba halmashauri ikate shauri hivi: kabla ya nafasi za masomo yajayo kugawanywa, kila tawi lilete kitabu chake kikaguliwe. Tawi lisilo na kitabu lingoje.