Umakini Si Tafakari

Vijana wapenzi, kuna maneno mawili yanayochanganywa siku hizi katika vikundi vyetu, tena kwa ujasiri mkubwa. Lawama zote si zenu: Kifaransa tunachosomea kimeyaunganisha katika msemo mmoja, « méditation de pleine conscience », hata mtu akadhani kwamba ni kitu kimoja. Sisi tunakataa.

Pleine conscience, ambayo hapa tutaiita umakini, ni hali ya akili: kuona linalotokea sasa, ndani yetu na mbele yetu, bila kulikimbilia wala kulikimbia. Mama anayechambua maharagwe anaweza kuwa nayo. Mwendesha pikipiki asipokuwa nayo, abiria wake ataumia. Tafakari ni zoezi, lenye saa yake, mahali pake na jambo linalotafutwa. Umakini hujifunzwa kwa njia ya tafakari, na tafakari isiyo na umakini ni kusinzia tu. Lakini ziko tafakari zisizoshughulika na pumzi hata kidogo. Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, alipanga vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu. Kwake kutafakari ni kulitafuna neno lililosomwa, kwa akili yote, mpaka lizae sala.

Wako pia wanaohubiri kwamba umakini ni mlango wa shetani. Nao tunawapinga. Zoezi hili limetoka kwa Wabuddha, ambao kwa Kipali huliita sati, neno lenye maana ya kukumbuka vilevile. Kwao sati haikusimama peke yake. Ilikwenda pamoja na usemi ulio sawa na kazi isiyodhuru wengine. Barua ya Roma ya tarehe 15 Oktoba 1989, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, haikuzitupa njia za dini nyingine. Ilionya kwamba tusiudhanie utulivu wa mwili kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Onyo hilo linatosha.

Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn aliyaingiza mazoezi hayo katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa mpango wa majuma kadhaa, ili kuwasaidia wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Ni kazi ya heshima. Aliwafundisha kutazama bila kuhukumu, yaani kutojishitaki kwa kila wazo linalopita kichwani. Lakini wauzaji waliofuata wamelivuta fundisho hilo mpaka likawa linamwambia aliyeonewa avute pumzi na kunyamaza. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Kijana ambaye hajalipwa mshahara wake kwa miezi mitatu hasumbuliwi na ukosefu wa umakini! Naye anayechunguza dhamiri yake jioni hana budi kuhukumu: hapa nilidanganya, yule nilimdhulumu.

Tena kuna wenzenu waliosikia risasi usiku, huku kwetu Kivu. Kwao, kufumba macho na kukaa kimya kwaweza kuurudisha usiku ule badala ya kuuondoa. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe. Afumbue macho, asimame, atoke nje akitaka, atafute mtu anayemwamini wa kuzungumza naye. Na kiongozi wa kikundi asimwambie kwamba imani yake ni haba.