Laptopu Yako Haijazeeka, Unadanganywa Tu

Nimechoka na hii dawa moja ya kila ugonjwa: "Tuformati tu." Laptopu inachukua dakika tano kuwaka, unaipeleka kwa fundi, unatoa pesa, unarudishiwa mashine bila picha wala noti zako za chuo. Baada ya wiki kadhaa, iko pale pale. Huo si ufundi, bana. Ni uvivu wa kulipiwa.

Pima mwenyewe kwanza. Kwa Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha ingia Startup. Ona huo msongamano: Spotify, Teams, Steam, hadi programu ya printa uliyouza kitambo. Zote zinapigania mlango mmoja. Zima usizohitaji, lakini antivirasi iache. Hakuna kinachofutika, ukitaka programu, utaifungua mwenyewe.

Umewasha tena na bado inajikokota? Rudi hapo, ingia Performance, uangalie diski. Ikiwa imeandikwa HDD na inagonga 100% hata kabla hujafungua kitu, mwizi wa muda wako ndiye huyo. Diski hiyo huzunguka, na kichwa chake lazima kisake kila faili. SSD haina kitu cha kuzunguka. Weka nakala ya kazi zako, kisha ubadilishe diski, si laptopu nzima.

Fundi akikwambia ununue mpya, muulize: "Umeangalia Startup na diski?" Akianza kubabaika, beba mashine yako uende.