Kidole Gumba Hicho Ni cha Mama

Muuzaji hakujisumbua hata kuikata picha. Kiondo alichokitundika katika duka lake la mtandaoni, huko ng'ambo, kimeshikwa na mkono wenye kovu kwenye kidole gumba, kovu la kisu cha kukwangulia mkonge. Mkono huo naujua. Ni wa mama jirani yetu kule Machakos, na kiondo ni chake: mistari ya kahawia inapanda miwili miwili kutoka kitakoni, ikifika karibu na mdomo inapishana kama njia za mbuzi mlimani. Mchoro huo aliubuni mwenyewe, akafumua mara mbili kabla haujamridhisha.

Kufumua mara mbili! Aliyewahi kusuka anaujua uchungu huo. Mkonge unakwanguliwa, unaanikwa, unasokotwa pajani uzi kwa uzi mpaka ngozi inasugua. Kiondo kimekula wiki nzima nzima za mama huyu. Mwizi kimemgharimu dakika mbili.

Ndiyo, mwizi. Nimechoka na maneno laini, eti "amevutiwa", eti "mitindo ni ya dunia". Wapo hata Wakenya wenzangu walioniambia kiondo ni cha mababu, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Huko ni kuchanganya mambo makusudi. Ususi ni wetu sote. Anayetaka ashike uzi asuke chake. Lakini mpangilio ule wa mistari umetoka kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo yu hai, ana karo ya kulipa.

Sheria inamtambua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazihesabu kazi za mikono kuwa kazi za sanaa, na haki inaanza kazi inapokamilika, bila kungoja muhuri wa ofisi yoyote. Kenya imo katika Mkataba wa Berne tangu 1993, kwa hiyo haki hiyo inavuka mipaka. Picha nayo ina mwenyewe, yaani binti wa mama aliyeipiga. Majukwaa ya Marekani yanayajua haya vizuri: sheria yao ya 1998 inayakinga yasishtakiwe mradi yakilalamikiwa yaondoe upesi kilichoibwa. Basi kwa nini fomu ya kulalamikia itafutwe kama sindano mchangani, tena kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali kitufe cha kununulia kinamulika machoni?

Na ofisi zetu ziamke. Ubunifu wa bidhaa husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, kwa miaka 5, ukahuishwa hadi 15, kwa sharti kwamba uwe mpya. Nani amewahi kukanyaga soko la viondo akamwambia msusi kwamba akiubandika mchoro wake Facebook kabla ya kuomba usajili, anaweza kujifungia mlango? Sijamwona. Mwaka 2007 tulipiga kelele kampuni moja ya Uingereza ilipotaka jina la kikoi liwe alama yake ya biashara huko kwao, na haikulipata. Walikuwepo mawakili wa kuipinga. Mama wa Machakos ana simu ya binti yake tu.

Lakini simu hiyo, jamani, ina hazina. Binti alikuwa akipiga picha kila jioni, na zimo zile za viondo viwili vilivyofumuliwa: kimoja mistari imekaa mitatu mitatu, kingine imepishana mapema mno, katikati ya tumbo. Kila picha ina tarehe yake. Mwizi anacho kilichokamilika peke yake; vilivyoharibika hana, na hawezi kuvipata popote. Wasusi, msifute picha za makosa yenu.

Binti alituma malalamiko Jumatatu, picha zote zikiwa zimeambatishwa. Alhamisi kiondo kikaondolewa. Jumamosi kikarudi katika duka lenye jina jingine, kidole gumba kikiwa palepale. Jioni hiyohiyo akakaa chini, akaanza fomu ya pili.