Mngurumo si nguvu
Msimu wa korosho ukichanganya na hela zikaanza kuonekana, hapa Nachingwea na kule Ruangwa unazisikia gari aina ya IST zikinguruma kabla hujaziona. Vijana wanang'oa sailensa ya kiwandani, wanachomelea ya "spoti", wakiamini gari limeongezewa nguvu. Niseme wazi: kwa injini ya cc 1300 au 1500, kinachoongezeka ni kidogo mno, mlimani hutakihisi. Sailensa nzuri ya aina hiyo ndani ina bomba lenye matundu, limezungushiwa sufi ya nyuzi za kioo inayomeza sauti huku moshi ukipita bila kizuizi. Ya bei chee sufi yake huungua mapema, likabaki debe tupu. Bomba likizidi upana, moshi hupoteza kasi na gari huwa zito kuondoka. Ukiamua kubadili, usiende mbali na kipenyo cha awali, chagua chuma kisichoshika kutu, na kagua pale fundi alipochomelea, maana panapovuja, hewa ya sumu inaweza kuingia hadi walipo abiria. Na kuhusu mngurumo wenyewe, kanuni za kudhibiti kelele nchini zipo tangu 2015. Wanangu, usiku kuna wagonjwa na watoto wachanga wamelala, wahurumieni.