Siri ya Nafsi ni Amana

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mtu akikwambia neno huku akigeuka kutazama kama yupo asikiaye, neno hilo limekuwa amana kwako. Basi ni nzito kiasi gani amana ya mwanasaikolojia, ambaye elimu yake ni kuyajua yanayoitia nafsi hofu ili apate kuitibu?

Amana hiyo ilifanyiwa khiyana. Mwaka 2002, wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Mitchell na Bruce Jessen, walilitungia shirika la ujasusi la CIA njia za kuwavunja mahabusu: kuwanyima usingizi, kuwafungia sandukuni, kuwamiminia maji usoni hadi wahisi wanazama. Abu Zubaydah alifanyiwa hilo la maji mara 83 katika mwezi mmoja. Ilipodhaniwa kuwa anaogopa wadudu, wanasheria wa serikali waliidhinisha atiliwe mdudu ndani ya sanduku. Ripoti ya Seneti ya mwaka 2014 ilieleza kwamba kampuni ya wawili hao ililipwa dola milioni 81, na kwamba mateso yale hayakuleta manufaa yaliyodaiwa.

Wengine walikuwa Guantanamo, wakiwashauri wahoji. Mwaka 2005 kamati ya chama chao kikuu iliwaruhusu kushiriki, kwa hoja kwamba kuwepo kwao kungewalinda mahabusu. Kati ya wajumbe 9 wenye kura, 6 walikuwa na uhusiano na jeshi au ujasusi. Mjumbe mmoja, Bi. Jean Maria Arrigo, alijitokeza kupinga, akasemwa vibaya. Miaka 10 baadaye uchunguzi wa wakili David Hoffman ulithibitisha kuwa wakuu wa chama walikuwa wameafikiana chini kwa chini na maafisa wa ulinzi. Agosti 2015 baraza la chama likapiga marufuku ushiriki huo, kwa kura 157 dhidi ya 1.

Atasema msemaji: je, usalama wa watu? Usalama ni haki, na mhalifu ahukumiwe. Lakini mshika mbili moja humponyoka: huwezi kuwa tabibu wa mtu na ufunguo wa mtesaji wake. Swahaba Hisham bin Hakim alipita Sham akawakuta wakulima wasiokuwa Waislamu wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi. Hakunyamaza. Alimkumbusha amiri onyo la Mtume (S.A.W.) kwamba Allah atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani, na wakulima wale wakaachiliwa.

Jambo hili si la mbali nasi. Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 alizuiliwa Guantanamo hadi Desemba 2024 pasi na kufunguliwa mashtaka.

Enyi kina mama, msiwakimbie washauri nasaha kwa khofu. Maradhi ya nafsi hutibiwa kama maradhi ya mwili. Lakini ulizeni kabla ya kusema: siri yangu itamfikia nani? Na mwanao akisomea fani hii, muusie mapema kwamba kuna mshahara usiopokelewa. Nasi majumbani tujihesabu: siri aliyokwambia binti yako akilia, usije ukaitumia kumchoma siku ya hasira.

Allah atujaalie wenye kuzichunga amana. Amin. Wabillahi tawfiq.