Mifumo Miwili, Kipakatalishi Kimoja: Kiswahili Kiko Wapi?

Kijana wa Busia au Malaba anayemiliki kipakatalishi aghalabu ana kimoja tu. Humo ndimo ilimohifadhiwa tasnifu yake, na humo ndimo anamochezea michezo ya kompyuta jioni. Chombo chenyewe mara nyingi ni cha mtumba, nayo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux hupatikana bila malipo. Hata hivyo, michezo kama Fortnite haijatengenezewa Linux, ingawa Proton ya kampuni ya Valve imewezesha mingine mingi tangu mwaka 2018. Basi kijana huamua kuiweka mifumo endeshi yote miwili.

Hatua moja ndiyo yenye hatari. Programu ya usakinishaji humuuliza: je, ifute diski yote, au iuweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani? Akosaye hapo hupoteza tasnifu pamoja na michezo. Maelekezo anayoyategemea ni ya Kiingereza, ilhali mazungumzo yake ya kutwa, sokoni na mpakani, ni ya Kiswahili, Kiteso, Kisamia au Kiganda.

Je, wanafunzi wa Kiswahili wamefanya nini? Wamebishana miaka mingi kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Ubishi huo una ladha yake, ila haujaokoa tasnifu ya mtu. Mfano bora ulitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilipozinduliwa Jambo OpenOffice: istilahi zilitiwa ndani ya chombo, watumiaji wakazipima kwa kazi.

Kinachohitajika sasa ni ukurasa mmoja tu. Useme: nakili kazi zako kwenye diski ya nje kwanza, punguza nafasi ya Windows ukiwa ndani ya Windows, kisha chagua "kando", si "futa". Uongeze kwamba saa huenda ikapotoka kwa saa 3, kwa kuwa Windows huhifadhi majira ya hapa nyumbani na Linux majira ya dunia. (Mswahili, aliyezoea tofauti ya saa 6 baina ya saa yake na ya Mzungu, hatashtuka.)

Chuo Kikuu cha Alupe kiko kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba. Wanafunzi wake wangeweza kuujaribu ukurasa huo kwa vijana wenyewe kabla haujafikishwa kwenye kongamano lolote.